Hatua ya Sita Tunayoiruka

Kwa miaka mitatu nilikuwa katibu wa jumuiya yetu. Mwezi uliopita muda wangu uliisha, na kabla ya kumkabidhi mwenzangu daftari nilikaa nalo jioni moja nikalisoma tangu ukurasa wa kwanza, kama mwenye duka anavyopitia hesabu kabla ya kuacha ufunguo. Kila Jumamosi imo: tarehe, nyumba tuliyosalia, idadi ya waliohudhuria, somo, sadaka. Na kwenye mstari wa hatua ya sita ya ibada yetu, ile ya kupeana kazi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wiki baada ya wiki, yameandikwa maneno yaleyale: "Tuendelee kuwaombea wagonjwa na wenye shida." Nilianza kuhesabu. Katika mwaka wa kwanza peke yake sentensi hiyo imerudi mara 31. Jina la mgonjwa hata mmoja halimo.

Usiku ule usingizi ulichelewa.

Kwa asiyezifahamu jumuiya zetu, nieleze kidogo. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki na nchi jirani, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1976 wakasisitiza kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwa familia chache za majirani wanaojuana kwa majina na kusali pamoja nyumba kwa nyumba. Ndizo Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Kwetu Tanzania zimeota mizizi kiasi kwamba ukienda parokiani kuomba mtoto abatizwe au ndoa ifungwe, utaulizwa mapema: "Uko jumuiya gani?" Nyingi zinasoma Injili kwa utaratibu wa hatua saba uliotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana. Tunasoma somo. Kila mmoja anarudia neno lililomgusa. Tunanyamaza. Tunashirikishana. Hatua ya sita tunajadili kazi: tuliyopeana wiki iliyopita imefikia wapi, na Neno la leo linatutuma kwa nani. Hatua ya saba tunasali kwa maneno yetu wenyewe.

Angalia mpangilio huo. Kazi inatangulia, sala ya kufunga inafuata. Yaani sala ya hatua ya saba imekusudiwa kuwa sala ya watu waliokwisha kugawana kazi, wanaojua Jumatatu nani anakwenda wapi, na wanaoona kabisa kwamba kazi ile inawazidi. Wanaomba kwa sababu wanahitaji. Sisi tumeitoa hatua ya sita, kisha tunashangaa kwa nini ya saba imepoa.

Na imepoa. Watu wengi ninaozungumza nao, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, wana kilio kimoja kwa maneno tofauti. Mmoja anasema sala imekauka. Mwingine anapiga magoti kando ya kitanda na maneno hayaji. Yuko anayesali rozari nzima, na akifika tendo la tano hakumbuki alipitaje la pili. Yuko anayekesha kila Ijumaa, anaimba, analia, anatoka pale alfajiri mwepesi, na Jumapili jioni moyo umerudi kuwa mzito kama ulivyokuwa. Hawa si watu wa mchezo. Wanamtaka Mungu kweli, na kukauka huku kunawauma.

Dawa tunazopewa zinafanana: ongeza muda, amka saa tisa usiku, funga siku tatu, anza novena nyingine, sala ya siku tisa, tafuta mtumishi akuombee. Sizidharau. Kuna mikesha iliyonibeba wakati ambapo miguu yangu mwenyewe ilikataa, na nawaheshimu sana wanaoamka usiku kuombea watoto wa watu. Lakini nimefikia kuamini kwamba kwa wengi wetu tatizo haliko kwenye saa wala kwenye mbinu. Sala zetu zimekauka kwa sababu hatujabeba mzigo wa mtu yeyote unaotuzidi nguvu. Tunabisha hodi kwa Mungu bila kujua tumekuja kuomba nini, na kwa ajili ya nani.

Hili nimelipata kwa Luka. Injili tunaisikia vipande vipande, Jumapili hii kipande na ijayo kipande, kwa hiyo mpangilio wake unatupita. Hebu kaa usome kuanzia sura ya kumi, mstari wa 25, hadi mwanzo wa sura ya kumi na moja bila kusimama. Unaanza na Msamaria kwenye njia ya Yeriko, anayemfunga majeruhi vidonda, anampandisha juu ya mnyama wake na kumwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Mara hiyohiyo unaingia nyumbani kwa Martha na Mariamu, ambako anayesifiwa ni yule aliyekaa chini kusikiliza. Halafu wanafunzi wanamwomba Yesu awafundishe kusali, naye anawapa Baba Yetu. Na kabla hata hujatulia, anawapa mfano wa mtu anayemwamsha rafiki yake usiku wa manane kukopa mikate mitatu.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mfano huo yamehusu kubisha hodi bila kukata tamaa. Ni sawa. Ila tunamsahau mtu wa tatu. Yuko aliyelala ndani na watoto wake, mlango umefungwa. Yuko anayebisha. Na yuko mgeni, aliyefika kutoka safarini, amekaa kwenye nyumba ya yule anayebisha, ana njaa. Mikate mitatu si ya anayebisha. Ni ya mgeni. Mtu huyu angekuwa amejifanya hayupo mgeni alipogonga, naye angekuwa usingizini kama jirani yake, na asingekuwa na sababu ya kumsumbua mtu usiku ule. Kilichomtoa nje gizani, kikamwondolea haya, kikamfanya agonge na kugonga tena, ni kwamba alimfungulia mtu mlango, kisha akatazama jikoni akakuta hamna kitu.

Hapo ndipo sala inapozaliwa, kwenye mlango uliofunguliwa mbele ya jiko lililo tupu. Anayefunga mlango wake hana cha kuomba, na mwenye jiko lililojaa haoni haja. Na wako wanaobaki kati, wanaofungua na kuona hawana kitu, kisha wanamrudisha mgeni kwa maneno mazuri. Hao Yakobo aliwaandikia waziwazi, katika sura ya pili ya waraka wake: ndugu yuko uchi, hana riziki ya siku, nawe unamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba. "Yafaa nini?" anauliza. Swali fupi, halina kona.

Siku hizi maneno hayo ya Yakobo yana umbo jipya, nalo liko mkononi mwetu mchana kutwa. Mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya au la kwaya: mume wangu amelazwa, tangu jana hatujapata damu. Ndani ya dakika chache simu inajaa mikono iliyokunjwa. Pole mama. Mungu atatenda. Tunakuombea. Arobaini, hamsini. Kisha kundi linahamia kwenye sare za Pasaka. Nimeituma mikono hiyo mara nyingi, na mara nyingi baada ya kuituma sikusali hata Baba Yetu moja. Alama ile ilichukua nafasi ya sala, na sala ambayo haikusaliwa ilichukua nafasi ya kwenda kutoa damu. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu najua yule mama aliyasoma majibu yote, moja moja, akitafuta kama yuko aliyeandika "nakuja."

Sasa nirudi kwenye daftari, kwa sababu kuna ukurasa mmoja ambao haufanani na mingine.

Katika jumuiya yetu yuko mama mmoja muuza vitumbua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wa kwanza, sauti nene, hakuhitaji kitabu. Ikafika wakati hakuonekana. Tukaambiwa ni mguu. Tukamweka kwenye "wagonjwa wetu," na kwa wiki saba tukamwombea hivyohivyo, pamoja na wasafiri, wajane na marehemu wote. Nyumba yake iko mitaa miwili kutoka tulipokuwa tukikaa.

Wiki ya nane alikuja kusali nasi binti mmoja wa darasa la kipaimara, ametumwa na katekista ahudhurie jumuiya na kuandika alichojifunza. Tulipofika hatua ya sita na mwenyekiti akasema kama kawaida, "Basi tuendelee kuwaombea wagonjwa," binti yule aliinua mkono. Aliuliza kwa adabu kabisa, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi: "Shikamooni. Naomba kuuliza, mgonjwa mwenyewe anaumwa nini, ili niandike?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa watu kumi na wanne. Mzee mmoja alisema presha. Mama mwingine alisema alisikia ameanguka.

Siku hiyo hatukufunga sala ndani. Tuliondoka na viti vikiwa vimebaki palepale uani, tukaenda kwake. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyogeuzwa, umefungwa kipande cha kanga. Kisukari. Kidonda kilianza kwa kokoto iliyoingia kwenye kandambili, hakusikia maumivu, akaendelea kusimama mbele ya jiko. Kituo cha afya walikuwa wamemwambia aende kusafishwa kidonda mara mbili kwa wiki, na kliniki ya kisukari kila mwezi. Alikwenda mara tatu akaacha. Bajaji kwenda na kurudi ilimla faida yote ya vitumbua, na vitumbua vyenyewe hakuwa akivipika tena. Bombani kulikuwa hakutoki maji, na ndoo hawezi kubeba. Mjukuu anayeishi naye ana miaka tisa.

Alifurahi kutuona. Hakutulaumu hata kwa nusu neno, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu, "Nilijua mnaniombea."

Ukurasa wa siku ile nimeuandika vibaya, herufi zimepinda kwa sababu niliandika nimesimama. Jumanne: fulani na bajaji. Ijumaa: fulani. Maji: vijana wawili, asubuhi. Mjukuu ale kwa jirani wa upande wa kulia. Mwenyekiti na mama mmoja waende ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza habari za bomba. Hiyo ndiyo hatua ya sita ya kwanza katika daftari zima yenye majina ya watu na siku za wiki.

Kisha tukasali, palepale mlangoni, nasi tumesimama. Nataka nieleze jinsi sala ile ilivyokuwa, maana ndiyo kiini cha makala haya. Haikuwa ndefu. Hakuna aliyetafuta maneno mazuri. Yule mzee wa presha alisema, "Bwana, kidonda kimefika pabaya, sisi si madaktari, na hela ya bajaji tunayo ya wiki mbili tu. Baada ya hapo hatujui." Akanyamaza. Mwingine akasema, "Bwana, tusamehe, tulikuwa karibu." Jumamosi iliyofuata tulipofika hatua ya saba hakuna aliyesubiri mwenzake aanze. Kila mtu alikuwa na jambo. Aliyempeleka Jumanne alikuwa amemsikia daktari akitaja kukata kidole, akaogopa, na hofu ile aliileta mbele ya Mungu ikiwa bado mbichi. Watu ambao kwa miaka nilikuwa nikiwasikia wakirudia "kwa nia zetu zote" walikuwa wanaomba kama watoto wanaomvuta mama yao kanga.

Hatukuongeza saa, hatukubadilisha kitabu, hatukuleta mhubiri. Tulikuwa tumemfungulia mgeni mlango, na jiko letu lilikuwa tupu.

Najua kuna anayesema: hayo ni matendo ya huruma, mema, lakini si kila mtu ana nafasi ya kubeba ndoo, na imani haiishii kwenye ndoo. Nakubali, tena kwa nguvu. Kwa wengi wetu mahali pa kuiweka imani katika matendo ni pale tunapokaa saa nane kila siku, kwenye meza ya ofisi, kwenye mizani ya duka, kwenye usukani. Na hapa nina mtu wa kumtaja, kwa sababu alikuwa jirani yetu na kijana wa mji unaozungumza Kiswahili.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1981. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, kundi la walei Wakatoliki lililoanzia Roma, iliyoshika pamoja mambo mawili tangu mwanzo wake: sala ya jioni na urafiki na maskini. Pale Goma alikuwa akiwafundisha watoto wa mitaani, wale wanaoitwa maibobo. Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Mwaka 2007 ukafika mchele ulioharibika, akatakiwa aupitishe. Akaahidiwa fedha, akakataa. Akasukumwa, akakataa. Mwezi Julai alitekwa, na baada ya siku mbili mwili wake ukapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, alitangazwa kuwa Mwenyeheri, ngazi iliyo chini ya Mtakatifu.

Papa Fransisko alipokutana na vijana wa Kongo kwenye uwanja wa michezo wa Kinshasa, Februari 2023, aliwaambia waitazame mikono yao. Kidole gumba, alisema, ni sala. Cha mwisho, kile kidogo, ni huduma. Alipofika kidole cha kati, unyofu, akamtaja Floribert, akaeleza kwamba kijana yule angeweza kufumba macho na hakuna ambaye angejua, lakini kwa kuwa alikuwa Mkristo, alisali, akawafikiria wengine, akachagua kuwa mwaminifu.

Alisali, akawafikiria wengine. Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Mchele mbovu ungeliwa na nani? Matajiri wa Goma wasingeula. Ungeuzwa kwa bei ya chini sokoni, ungefika kwenye sahani za watu wa bei ya chini, na bila shaka kwa watoto kama wale aliokuwa akiwafundisha kusoma. Nafikiri ndiyo sababu sala yake ilikuwa na nguvu ya kumsimamisha: alipofumba macho kusali juu ya karatasi za shehena, aliona nyuso. Sisi wengi hatuoni nyuso. Anayetia sahihi kwenye daraja lililojengwa kwa saruji pungufu hajawahi kuwaombea watakaopita juu yake. Anayepunja mizani Jumamosi na kutoa zaka Jumapili hajawahi kumwona Mungu akisimama upande wa mteja.

Wazee wa Uamsho walilijua hili. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya, unakumbukwa kwa nyimbo, hasa Tukutendereza, na kwa salamu ya Bwana asifiwe. Kinachosahaulika ni kwamba kuokoka kulikuwa na gharama iliyohesabika. Aliyeiba alirudisha. Aliyekuwa na deni alikwenda kwa mwenye deni. Watu waliwaendea waajiri wao na kutaja vitu ambavyo hakuna aliyejua vimepotea. Waliita kutembea nuruni. Sala zao za kikundi zilikuwa moto kwa sababu mtu aliingia mle akiwa ametoka kufanya jambo gumu, au akijua kesho atalifanya. Uamsho huo ulikuwa na makovu yake, kulikuwa na kuhukumiana, na makanisa mengine yaligawanyika. Hata hivyo naona waliushika ukweli ambao sisi tumeuachia: toba ambayo haijafika mfukoni wala kwa jirani haijaenda mbali.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya wenzangu wanaochoka. Matendo peke yake nayo hukauka, tena kwa ukavu mbaya zaidi. Nawafahamu watu wa parokiani wanaosimamia kila kitu, harambee, misiba, ujenzi, ziara za askofu, na ndani yao hakuna tena hata tone. Wamekuwa wakali. Wanawahesabia wengine mahudhurio. Ukimgusa mmoja kidogo, anatoa orodha ya aliyoyafanya. Luka hakumweka Martha palepale baada ya Msamaria kwa bahati mbaya. Anayetoka njia ya Yeriko akiwa na damu ya mtu mikononi anahitaji kukaa chini miguuni pa Bwana, asije akaanza kuwachukia wale waliopita kando.

Miezi miwili baada ya siku ile ya mlangoni, jambo hilo lilitutokea. Walioingia zamu walianza kuwasema wasioingia. Jumamosi moja kulikuwa na maneno makali juu ya nauli, na mama mwenyewe akasikia, akatuma ujumbe kwamba afadhali tuache. Kilichotuokoa ni hatua ya nne, ile ya kimya, ambayo nayo tulikuwa na tabia ya kuikata. Mwenyekiti alitukalisha dakika kumi bila neno. Jogoo, pikipiki, mtoto analia nyumba ya tatu. Dakika kumi ni ndefu sana kwa mtu mwenye hasira. Mwishoni aliyesema kwanza ni yule aliyekuwa amesema vibaya zaidi.

Watawa Wabenediktini waliojenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja na kanuni ya sala na kazi, na ukifika pale unaiona kwa macho: hospitali, karakana, shule, na katikati kanisa lenye kengele. Kengele ikilia, mmonaki anaacha randa juu ya ubao ambao haujaisha. Hilo la ubao ambao haujaisha linanigusa. Kuacha kazi katikati ili kusali ni kukiri kwamba kazi si yangu. Na kutoka kanisani kurudi kwenye ubao uleule ni kukiri kwamba sala haikunitoa duniani.

Kwa yeyote ambaye sala yake imekauka, nasema jambo moja la kuanzia: tafuta jina. Usiwaombee "wagonjwa." Mwombee mtu mmoja, mwenye nyumba unayoijua mlango wake. Kisha nenda ukauone huo mlango. Huhitaji kuwa na fedha. Wengi wetu katika jumuiya tunaishi kwa mkono kwenda kinywani, na mama yule hakuwahi kutuomba fedha. Alihitaji bega la kushika kwenye ngazi za kituo cha afya, na mtu wa kukumbuka alichosema daktari. Ukitoka hapo, jioni, utakuta unacho cha kusali, na huenda ukakosa usingizi, na hiyo nayo ni sala.

Na kama uko ofisini na huna hata dakika ya kupiga magoti, msome Nehemia, sura ya pili. Mfalme anamuuliza, unataka nini? Nehemia anasema kwamba alimwomba Mungu wa mbinguni, akamjibu mfalme. Kati ya swali na jibu kulikuwa na nafasi ya pumzi moja, naye ndani ya pumzi hiyo alisali. Aliweza, kwa sababu kwa miezi alikuwa akiulilia ukuta wa Yerusalemu, ukuta halisi wenye malango yaliyoungua. Baadaye, maadui walipotishia, walimwomba Mungu na kuweka walinzi usiku na mchana. Yote mawili yameandikwa katika mstari mmoja.

Habari za bomba ziliishia pazuri kidogo. Ofisi ya mtaa ilitupeleka kwa mamlaka ya maji, mamlaka ikatuambia turudi, tukarudi mara nne. Mara ya tano tulikuwa wengi, Wakristo na Waislamu wa mtaa uleule, maana ndoo haina dini. Maji sasa yanatoka siku tatu kwa wiki. Wako waliosema jumuiya imeacha sala imeingia siasa. Mwalimu Nyerere, aliyejulikana kwa kuhudhuria misa kila siku alipoweza, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiloshiriki kupinga hali zinazowaweka watu katika ufukara litahesabiwa pamoja na dhuluma yenyewe. Sisi hatukuwa na hotuba. Tulikuwa tumechoka kubeba maji ya mtu mmoja, tukaona mtaa mzima una kiu.

Kidole kilikatwa mwezi Machi. Mguu umebaki. Kidonda hakijafunga vizuri, na daktari hasemi lini. Mama amerudi jumuiyani, analetwa kwa bajaji, anawekewa stuli ya mguu, na wimbo wa kwanza ameurudisha mikononi mwake, ingawa sauti imepungua. Jumamosi iliyopita ilipofika zamu yake ya kusali hakujiombea mguu. Aliomba kwa ajili ya kijana wa bajaji, ambaye mke wake anakaribia kujifungua na hawajapata vifaa vyote vilivyoandikwa kliniki.

Katibu mpya aliuliza kijana huyo anakaa wapi, akaandika. Jumanne zamu ya kumpeleka mama ni yangu. Nitamuuliza kijana njiani ni vifaa gani vimebaki.